Batri mbili za koperative: tuziunge seri ao paraleli?



Koperative nyingi zinanunua plaki za jua kwa ajili ya taa za depo, kuchaji telefoni ao kusukuma maji ya bustani. Plaki moja na batri moja, hakuna matatizo. Matatizo yanaanza siku munanunua batri ya pili.

Katika koperative moja tuliyotembelea, fundi aliunga batri mbili za volti 12 namna alivyozoea kwenye kamyo. Jioni walipowasha taa, ampuli zote ziliungua, na radio pia. Batri zilikuwa nzima kabisa. Kosa lilikuwa katika namna ya kuunga waya.

Mufikiri mapipa mawili ya maji

Mukiweka pipa moja juu ya lingine, maji yashuke toka la juu mpaka la chini, yatatoka kwa nguvu zaidi. Mukiyaweka pembeni, nguvu ni ile ile, lakini maji yanakawia kuisha. Umeme nao ni hivyo: volti ni nguvu ya kusukuma, ampea ni wingi wa umeme unaopita.

Seri: + ya batri ya kwanza inaungwa na − ya batri ya pili. Volti zinajumlishwa. Batri mbili za volti 12, ampea-saa 100, zinatoa volti 24, ampea-saa 100.

Paraleli: + na +, − na −. Volti zinabaki 12, lakini tunapata ampea-saa 200.

Sasa tupige hesabu. 24 mara 100 ni 2400. 12 mara 200 ni 2400 vilevile. Hakuna namna ya kuunga inayoongeza umeme. Mtu akiwaambia kwamba seri "inazidisha", anawadanganya.

Tuchague gani?

Musianze na batri, muanze na vyombo. Musome maandishi yaliyo nyuma ya kila chombo. Kama taa na radio ni za volti 12, muunge paraleli. Kama pompi inaomba volti 24, muunge seri. Musome pia regilateri: inaonyesha volti za batri inazokubali, na volti za juu kabisa zinazoweza kutoka kwenye plaki. Plaki nazo zikiungwa seri, volti zake zinajumlishwa, na zikipita kipimo hicho, regilateri inaungua. Tena, plaki zikiwa seri, kivuli cha mgomba juu ya moja kinapunguza kazi ya zote.

Mambo ya kuangalia

1. Musichanganye batri ya zamani na mpya, wala kubwa na ndogo. Ile zaifu itaharibu nzuri, na feza ya wanamemba inapotea.
2. Katika paraleli, waya wa + utoke kwenye batri ya kwanza, waya wa − utoke kwenye batri ya mwisho. Hapo batri zote zinafanya kazi sawasawa.
3. Muweke fyuzi karibu na batri, kwenye waya wa +. Waya mwembamba unapata moto na unaweza kuchoma depo.
4. Muvue pete na saa mbele ya kugusa batri. Batri ikae mahali penye hewa, mbali na moto, kwa sababu wakati wa kuchaji inatoa gazi inayoweza kulipuka.
5. Musitumie zaidi ya nusu ya batri. Kwa mfano wetu, nusu ni wati-saa 1200. Taa tano za wati 10, kila usiku saa nne, zinakula 200. Ni usiku sita, hata jua likikosekana.

Katika mkutano wenu ujao, muandike kwenye karatasi volti za kila chombo, muibandike kwenye ukuta wa depo. Fundi akifika, mumuonyeshe karatasi hiyo mbele ya kumuacha aguse waya hata mmoja.