Kabla ya kupaka, tumuulize daktari wa ngozi

Mpwa wangu alipokaribia kuolewa aliniomba fedha za "vitu vya harusi". Nikampa bila kuuliza. Kumbe zilikwenda kwa muuza vipodozi aliyemchanganyia mkorogo wa krimu tatu katika kopo lisilo na jina. Wiki za mwanzo uso uling'aa, na sisi wakubwa tukamsifu. Baada ya miezi mitano ngozi ikawa nyembamba, chunusi zikatapakaa, na kila akiacha kupaka uso unamwaka moto.

Nilimpeleka kwa daktari wa ngozi. Swali lake la kwanza lilikuwa jepesi: ndani ya kopo mna nini? Hatukuwa na jibu.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye hatari. Yapo mambo matatu yanayopatikana mara nyingi katika mikorogo. Kwanza ni zebaki. Hii huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini pia hupenya mwilini ikaumiza figo, mishipa ya fahamu na hata mtoto aliye tumboni. Tangu mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliripoti wagonjwa wa figo waliokuwa wakitumia krimu za aina hiyo. Pili ni haidrokwinoni, ambayo ikitumika muda mrefu bila usimamizi huweza kuleta madoa meusi yasiyotoka kirahisi. Tatu ni dawa kama clobetasol na betamethasone. Daktari huziandika kwa maradhi kama pumu ya ngozi, kwa kipimo na muda maalumu. Zikipakwa usoni kila siku hukondesha ngozi, huleta michirizi na huficha fangasi.

Nchini kwetu vipodozi vyenye viambato hivi vimepigwa marufuku, lakini kopo lisilo na jina halijulikani lina nini.

Wapo wanaosema kwenda kwa daktari ni gharama. Ni kweli. Lakini hesabu ya makopo ya miezi mitano tuliyoifanya nyumbani ilizidi gharama za hospitali. Wataalamu nao wapo. Kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kipo Moshi tangu mwaka 1992.

Aliyekwisha kuanza asione haya. Aende na makopo yake yote, aseme ametumia kwa muda gani, na kama ni mjamzito au ananyonyesha aeleze. Aliyetumia kwa muda mrefu asikatishe kienyeji, amwachie daktari apange namna ya kuacha.

Mwili ni amana, na amana huulizwa. Lakini tusiwalaumu mabinti peke yao. Sisi wanaume tunapomsifia "mweupe" mbele ya dada zake, tunampeleka mwingine dukani. Mimi nimeanza kwa kumwomba mpwa wangu radhi. Je, wewe mzazi unajua kuna kopo gani chumbani kwa binti yako?