Saa Isiyorudi Nyuma

Mwaka huu sikuwaletea ngeli wala methali, maana wenzangu wamekwisha kuzishughulikia vizuri. Nataka tuzungumze juu ya saa iliyomo ndani ya tarakilishi, yaani kompyuta, na kwa nini mtu anayeandika programu asiiamini kwa kila kazi. Wanaosoma somo la kompyuta watafaidi zaidi, lakini hata asiyelisoma atanifuata, kwa kuwa mfano wangu mkubwa ni mita ya maji.

Tuanze na swali. Mteja ameingia saiba, yaani duka la intaneti, na bei ni shilingi moja kwa dakika. Programu inaandika saa aliyoingia, saa nne kamili. Akiondoka inaandika saa nne na nusu. Inatoa, inapata dakika 30, analipa shilingi 30. Rahisi, si ndio?

Sasa tuseme saa ya ile mashine ilikuwa mbele kwa dakika 20. Katikati ya kazi mashine ikauliza saa sahihi kwenye intaneti, ikajirekebisha yenyewe kimyakimya. Mteja amekaa nusu saa lakini hesabu inasema dakika 10. Mwenye duka analia. Kama saa ilikuwa nyuma kwa dakika 20, hesabu itasema dakika 50, na hapo anayelia ni mteja, naye akilalamika ataambiwa eti kompyuta haidanganyi! Na kama saa ilikuwa mbele kwa dakika 40, jibu ni dakika 10 chini ya sifuri. Je, mwenye duka amlipe mteja?

Kosa si la anayetoa hesabu. Kosa ni kutumia saa ya tarehe kupima muda. Saa ya tarehe kazi yake ni kukubaliana na saa za watu wengine duniani, kwa hiyo ni lazima ikubali kusukumwa. Inasukumwa na mtu anayebonyeza vibaya. Inasukumwa na intaneti. Katika mashine kuukuu kuna betri ndogo mviringo kama sarafu. Ikifa, kila stima ikizimwa saa husahau, na asubuhi mashine inaamka ikidai ni mwaka ambao wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Nchi nyingi za Ulaya husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka kwa ajili ya majira ya joto. Sisi Kenya hatuna hilo, tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia mwaka mzima, na nafikiri ndiyo sababu mwanafunzi wa hapa anaweza kudhani saa hairuki kamwe.

Kumbe hata wakubwa waliwahi kudhani hivyo. Dunia haizunguki kwa mwendo ulio sawasawa kabisa, kwa hiyo tangu mwaka 1972 wataalamu wameongeza sekunde moja katika saa ya dunia mara 27. Ya mwisho iliongezwa tarehe 31 Desemba 2016, na mwaka 2022 mkutano wa mataifa kuhusu vipimo uliamua desturi hiyo iachwe kufikia mwaka 2035. Basi sekunde hiyo ya mwisho iliingia usiku wa manane kwa saa ya dunia, ambapo hapa kwetu ilikuwa saa tisa usiku, 1 Januari 2017, watu bado wakisherehekea mwaka mpya. Kampuni ya Cloudflare ya Marekani, inayosaidia tovuti nyingi kufunguka, ilikuwa na programu iliyopima muda kwa kutoa saa mbili za tarehe. Sekunde ikajirudia, jibu likawa chini ya sifuri, na sehemu iliyofuata ya programu haikujua namba kama hiyo ni kitu gani. Ikaanguka. Sehemu ya maombi ya watu ikakosa majibu mpaka mafundi waliporekebisha. Sekunde moja tu! Programu hiyo iliandikwa kwa lugha ya Go, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo toleo la Go 1.9 likatoka likiwa na dawa.

Dawa yenyewe ndiyo mita niliyotaja. Mtu wa maji akija nyumbani mwanzo wa mwezi anaandika namba, tuseme 4512. Mwisho wa mwezi anakuta 4530. Namba 4512 peke yake haina maana yoyote, hata ukiitazama mpaka jioni. Tofauti ndiyo yenye maana. Tena mita haiulizi leo ni tarehe gani na hakuna anayeisogeza nyuma. Ndani ya kila tarakilishi mna mita ya namna hiyo, inayohesabu kwenda mbele tu, mara nyingi tangu mashine ilipowashwa.

Mita hiyo ina masharti yake. Huwezi kutoa namba ya mita yako kwa namba ya mita ya jirani, na mashine mbili ni vivyo hivyo. Mashine ikizimwa na kuwashwa ni kama mita mpya imefungwa, kwa hiyo usihifadhi namba ile ukitaraji kuitumia kesho. Mita yenye nafasi chache nayo hujaa ikarudi sifuri: Windows 95 na 98 zilihesabu milisekunde katika nafasi iliyojaa baada ya siku 49.7, na mashine iliyoachwa ikiwaka siku zote hizo iliweza kuganda.

Kila mfumo umeipa mita jina lake. Linux huiita CLOCK_MONOTONIC, Windows ina QueryPerformanceCounter, macOS ina mach_absolute_time. Anayetaka programu yake ikimbie kote asihangaike na majina hayo, atumie la lugha yake: time.monotonic katika Python, System.nanoTime katika Java, steady_clock katika C++. Lakini hapa kuna mtego ambao mimi naona haufundishwi vya kutosha. Ukifunika kompyuta ndogo ikalala, mita ya Linux niliyoitaja husimama, na ya macOS pia. Windows ina nyingine, GetTickCount64, ambayo huendelea kuhesabu usingizini. Mteja wa saiba akifunika mashine robo saa, je, alipe au asilipe? Linux ina CLOCK_BOOTTIME kwa anayetaka usingizi uhesabiwe. Mwandishi wa programu aamue kwanza, kisha achague mita.

Risiti, bila shaka, iandikwe kwa saa ya tarehe. Hakuna mteja atakayeelewa kwamba alikuja saa 4512.

Anayetaka kuona kwa macho yake na afungue Python, asome time.time na time.monotonic, arudishe saa ya mashine nyuma kwa saa nzima, kisha azisome zote mbili tena na kutoa. Ya pili itampa zile sekunde chache alizokaa. Ya kwanza itampa karibu 3600 chini ya sifuri. Halafu tafadhali arekebishe saa kabla ya kuinuka, maana kuna darasa lingine linaingia.