WOGA ULIOFUNGIWA MOYONI UNAHARIBU MWILI



Jiwe likianguka katika shimo, tunahesabu walioumia: huyu mukono, yule muguu. Anayetoka muzima tunamwambia: «Una bahati, rudi kazini.» Lakini hata yeye anaweza kuwa na kidonda. Kidonda chake hakitoi damu, kwa hiyo hakuna anayekifunga.

Ni nini inatokea mwilini?

Wakati wa hatari, tezi ndogo zilizo juu ya mafigo zinamwaga adrenalini na kortizoli ndani ya damu. Moyo unapiga mbio, tansio inapanda, sukari inaongezeka katika damu. Hiyo ni nguvu ya kukimbia ao kupigana, inatuokoa. Hatari ikipita, yote inapashwa kutulia.

Lakini mutu anayeota jiwe lile kila usiku, mwili wake unaamini hatari ingali pale. Ni kama motere isiyozimwa usiku na mchana: itachakaa. Kisha miaka, tansio inaweza kubaki juu, moyo kuchoka, ugonjwa wa sukari kuingia. Pombe na tumbako anazotafuta ili asahau zinaongeza hasara.

Mwaka 1998 waganga wa Marekani walitangaza uchunguzi wa watu zaidi ya 9.000. Waliopata mateso mengi katika utoto walionekana na magonjwa ya moyo na ya mapafu kuliko wengine. Kwetu, waliokuwa watoto Kolwezi wakati wa vita ya 1978 leo ni watu wazima. Nani amewauliza waliyoyaona?

Si kila tansio inatoka kwa woga: chumvi, unene na urithi wa jamaa vina sehemu yao.

Tufanye nini?

1. Kisha aksida, usiache mwenzako peke yake. Umusikilize, usimucheke akitetemeka.

2. Kama mwezi mumoja umepita na ungali unashituka, hulali, unakasirikia bibi na watoto bure, uende kwa munganga. Umwambie yote, si kichwa kinachouma tu.

3. Upimishe tansio. Ikionekana mara kwa mara 14 kwa 9 ao zaidi, inapashwa kufuatwa. Usiache vidonge kwa kuwa unajisikia vizuri.

4. Mukubwa wa kazi, kabla ya kumurudisha mutu mahali pa aksida, uzungumze naye kwanza.

Kofia inalinda kichwa, viatu vinalinda miguu. Moyo unalindwa na mwenzako anayekuuliza: «Ndugu, unalala vizuri?»