Kabla Hujatoa Mji: Vidokezo 5 vya Kutegua Fumbo

Ukitegewa fumbo, usiwe mwepesi wa kutoa mji. Mara nyingi jibu umelifungia mlango mwenyewe, kwa jambo ulilodhani bila kuambiwa.

1. Uliza: kalenda ya nani? Mtu wa Roma alilala Alhamisi, tarehe 4 Oktoba 1582. Akaamka Ijumaa, tarehe 15. Hakuugua wala hakuzimia. Papa Gregori wa 13 alikuwa ameruka siku 10 ili kalenda ilingane tena na mwendo wa jua.

2. Uliza: saa ya nani? Mgeni kutoka London kaambiwa kwa Kiswahili basi linaondoka saa 12. Anafika stendi mshale wa saa yake ukiwa kwenye 12 kamili, anakuta vumbi tu. Basi limeondoka alfajiri, jua likichomoza.

3. Tafuta kisichoonekana. Katika Vita Kuu ya Pili, ndege za Marekani zilirudi na matundu ya risasi mengi mwilini, machache kwenye injini. Chuma cha kukinga kiwekwe wapi? Mtaalamu wa takwimu Abraham Wald alielekeza macho kwenye injini: zilizopigwa hapo ndizo hazikurudi kuhesabiwa.

4. Usidhani pacha walizaliwa siku moja. Kopo la chakula lilipata hataza Uingereza mwaka 1810. Kifungulio chake kilichelewa zaidi ya miaka 40. Katikati hapo watu walikula kwa msaada wa patasi na nyundo.

5. Kubali kurudi nyuma. Una chui, mbuzi na majani ya kuvusha mto; mtumbwi unakubeba wewe na kimoja tu. Ukiwapa kisogo, chui atamla mbuzi, au mbuzi atayala majani. Vusha mbuzi, urudi peke yako. Vusha majani, kisha *rudi na mbuzi*. Hapa ndipo wengi hukwama, maana nani anapenda kurudisha mzigo aliokwisha kuuvusha? Mwache mbuzi, mpeleke chui akakae na majani asiyoyala, halafu umfuate mbuzi. Safari saba, hakuna aliyeliwa.

Umejaribu yote na bado giza? Basi toa mji, wala usione haya. Ila utoe mji wa maana: fumbo zuri halilipwi kwa kijiji.