Kiungo Kibaya Huunguza Nyumba

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Wengi huliandikia jarida letu mashairi na insha za methali. Mimi leo nawaletea somo la nyaya za stima, nalo nimelipata kwa kuponea chupuchupu.

Likizo ya Agosti nilikuwa chumbani nikipiga pasi sare zangu. Chumba chetu hakina soketi, kwa hivyo nilizoea kutoa balbu, kutia adapta kwenye holda na kuchomeka pasi hapo. Siku hiyo nikanusa plastiki ikiungua. Kutazama juu, naona doa la kahawia kwenye dari! Nikapiga ukelele. Mama akakimbia kuzima meinswichi, kisha akampigia simu mjomba, ambaye ni fundi wa stima mwenye leseni.

Mjomba alipopanda darini aliniita nione. Nyaya zilikuwa zimesokotwa kwa vidole na kufungwa tepu tu, zikalazwa juu ya ubao. Tepu ilikuwa imeyeyuka na ubao umeanza kuwa makaa.

"Mjomba, mbona saketi breka haikukata?" nikamwuliza.

"Ingejuaje, mwanangu? Breka hupima ampea, hainusi moshi."

Basi tukapiga hesabu tuliyofunzwa katika Fizikia. Stima ya nyumbani hapa Kenya ni volti 240. Pasi yetu ni ya wati 1000. Ukigawa 1000 kwa 240 unapata kama ampea 4.2. Breka ya taa zetu ni ya ampea 6, kwa hivyo haikuona kosa lolote. Lakini kiungo kilicholegea kina ukinzani. Tuseme ni omu 1 tu. Joto ni mkondo mara mkondo mara ukinzani, yaani wati 17 hivi. Wati hizo zimebanana mahali padogo kama ncha ya kidole, ndani ya tepu, kando ya ubao mkavu. Hapo ndipo nilipotetemeka.

Siku iliyofuata tulienda dukani pamoja. Haya ndiyo niliyojifunza kuhusu kuchagua vifaa vya kuunganishia nyaya za taa.

Kwanza, hesabu nyaya. Kwenye taa moja huenda kukafika kebo inayoleta stima, nyingine inayoipeleka taa ya pili, nyingine ya kwenda swichini, na waya wa holda. Kwa hivyo kisanduku kinahitaji viungio vinne: cha laivu, cha nyutro, cha athi, na cha waya unaorudi kutoka swichini. Huu wa mwisho huwakanganya wengi. Katika nyumba za zamani, ambapo laivu ni nyekundu na nyutro ni nyeusi, waya unaorudi huwa mweusi, lakini si nyutro! Swichi ikiwashwa, una moto. Fundi mwema huutia alama nyekundu. Katika nyaya za siku hizi laivu ni kahawia, nyutro ni buluu, na athi ni kijani chenye mistari ya manjano.

Pili, soma ampea. Konekta za skrubu huuzwa za ampea 5, 15, 30 na kadhalika. Kiungio kisiwe dhaifu kuliko breka inayokilinda. Kwa breka yetu ya ampea 6, ile ya 5 tuliiacha, tukachukua ya 15. Visanduku vya duara vya ampea 20 pia vinafaa sana kwa taa.

Tatu, pima tundu. Nyaya za taa aghalabu huwa za milimita 1.5 za mraba. Zikiingia tatu katika tundu moja, lazima zote zienee na skrubu izibane barabara. Ukivuta mmoja ukachomoka, hicho si kiungo. Shaba tupu isionekane nje ya konekta. Siku hizi kuna konekta za springi zenye vikono vya kubonyeza, ambazo kila waya hupata tundu lake. Ni nzuri, lakini nazo sharti zikae ndani ya kisanduku.

Nne, angalia mahali. Kisanduku cha ndani kiwe na kifuniko, na ganda la kebo liingie mpaka ndani yake. Cha nje, kinachonyeshewa na mvua, tafuta kilichoandikwa IP65: 6 ni kuwa vumbi haliingii kamwe, na 5 ni kuwa kinastahimili maji yanayorushwa kutoka kila upande.

Tano, kiungo cha skrubu kisizikwe ukutani wala mahali pasipofikika. Skrubu hulegea kadiri miaka inavyopita, na fundi lazima aweze kurudi kuikaza.

Wenzangu, sisemi mkapande darini. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA. Lakini sisi tuna macho na pua. Balbu ikipepesapepesa, swichi ikipata moto, au dari ikitoa doa, zima meinswichi na umwambie mkubwa wako. Na tafadhali, holda ya balbu si soketi ya pasi!

Vifaa vyote tulivyonunua siku ile vilikuwa vyepesi, vikaingia katika mfuko mmoja mdogo. Aliyetufungia nyaya hapo awali alikuwa ameviona havina maana. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu ufa ulikuwa juu ya kitanda ninacholala na ndugu yangu mdogo.

Sasa sare zangu nazipiga pasi sebuleni. Alamsiki.