Nyumba yenye Shamba Kubwa

Katika Bushi, magharibi ya ziwa Kivu, watu ni wengi na mashamba mengi ni madogo. Kwa hiyo watu wakiona nyumba yenye shamba linalotelemka mpaka mtoni, husema: «Mwenyewe ni tajiri.» Pengine ni kweli. Lakini utajiri huo una kazi yake.

Fikiri ndugu wawili. Mkubwa anakaa kijijini, upande wa Kabare. Nyumba yake ina shamba la mita 200 kila upande, ndiyo hektari 4. Mdogo anakaa mjini Bukavu katika parseli ya mita 20 kwa 25. Piga hesabu: parseli ya mdogo ingeingia mara 80 katika shamba la mkubwa!

Mkubwa hanunui ndizi wala kuni. Maharagi hupandwa mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tisa na tena mwezi wa pili. Ng'ombe wanakula majani, na samadi yao inarudi kwenye migomba. Mdogo, hata akitaka lengalenga kidogo, lazima apeleke franka sokoni. Siku moja alimwambia mkubwa wake: «Yaya, wewe unakula bila kufungua mfuko.» Mkubwa akamwonyesha viganja vyake, vigumu kama ngozi.

Maana magugu hayangoji. Mvua nayo, juu ya milima ile, huchukua udongo mzuri na kuupeleka mtoni. Ni lazima kuchimba mitaro ya kukata mtelemko na kupanda majani kando yake. Zamani za Wabelgiji watu walilazimishwa kuichimba, na baada ya Uhuru wa 1960 wengi waliiacha kwa furaha. Lakini mvua haikujua habari za siasa. Nyumba yenye vijana watano wenye nguvu yaweza kulima hektari 4. Mzee aliye peke yake atalima pembe moja, na pembe nyingine zitabaki pori.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Kuzunguka parseli ya mdogo ni mita 90. Kuzunguka shamba la mkubwa ni mita 800. Nani atalinda mpaka huo wote? Jirani akisogeza jembe lake mita moja kila mwaka upande mmoja tu, mwenye shamba hataona kitu. Baada ya miaka kumi zimekwenda mita 10 kwa 200, maana yake parseli nne kama ile ya Bukavu. Mwishoni ni ugomvi, na pengine damu.

Na mwenye shamba ataonyesha nini mbele ya mwamuzi? Kwa desturi ya Bushi mtu alitoa kalinzi, mara nyingi ng'ombe, kwa Mwami au kwa mkubwa wa kilima, mbele ya mashahidi. Hivyo alipata haki ya kulima na kuwaachia watoto wake. Lakini mashahidi hufa. Tena tarehe 20 Julai 1973 sheria ilitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali, nayo humpa mtu haki ya kuitumia kwa karatasi. Watu wengine walipata karatasi juu ya mashamba ambayo tayari yalikaliwa kwa kalinzi, na wenyeji wakafukuzwa. Karatasi inahitaji mpimaji na franka, na shamba likiwa kubwa, gharama nayo ni kubwa. Hata hivyo mkubwa angefanya vema kuuza ng'ombe mmoja na kuitafuta angali hai.

Tena kuna urithi. Kwa desturi shamba huenda kwa wana wa kiume; lakini sheria ya jamaa ya 1987 inampa binti sehemu sawa na ya kaka yake. Mkubwa ana watoto wanane. Wakigawana, kila mmoja atapata nusu hektari. Na kila mmoja wao akizaa wanane na kugawa tena, mjukuu atabaki na mita za mraba 625. Parseli ya babu yake mdogo kule Bukavu ina mita za mraba 500.

Maulizo. Shamba la mita 150 kwa 200 lina hektari ngapi? Kalinzi ni nini? Nyumbani kwenu mpaka wa shamba unajulikana kwa alama gani, na ni nani aliyeziona zikiwekwa?