Kurekebisha Makro za Kuhamia Laha katika Faili la Alama

Tuchukue mfano wa mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi huko Mlali, wilayani Mvomero. Alama za madarasa yote amezitunza katika faili moja la Excel, kila darasa na laha yake. Vitufe vilivyo katika laha ya kwanza huendesha makro, yaani maagizo yaliyoandikwa mapema, zinazomhamishia kwenye darasa alitakalo. Siku moja kitufe kinagoma. Afanyeje?

Kwanza, atengeneze nakala ya faili, kisha ausome ujumbe wa kosa. Kosa namba 9 kwa kawaida huonyesha kwamba jina lililotajwa katika makro halipo miongoni mwa laha. Herufi kubwa na ndogo si hoja; lakini nafasi moja iliyozidi, au "Darasa la 4" kugeuzwa "Darasa la IV", yatosha kuikwamisha makro.

Pili, ikiwa makro zote zimetoweka, achunguze aina ya faili: xlsx haihifadhi makro, xlsm huzihifadhi.

Tatu, liko kosa lisilotoa ujumbe wowote, nalo ndilo la kuogopwa zaidi. Makro ikiitaja laha kwa nafasi yake, tuseme ya nne kutoka kushoto, nasi tukazipanga laha upya, itafungua laha nyingine kimyakimya. Mtoto wa darasa la nne ataandikiwa alama katika darasa la tano. Kwa hiyo tuzitaje laha kwa majina, na tusome kichwa cha laha kabla ya kuandika alama yoyote.

Zoezi: Katika nakala, badilini jina la laha moja, bonyezeni kitufe chake, kisha elezeni kosa na dawa yake.